Piga Magoti, Embulbul

Embulbul hakuna mtu anayeanguka peke yake. Anayezimia kwenye steji ya matatu za 111, kando ya meza ya mama mboga, ndani ya kinyozi au kwenye foleni ya M-Pesa, huzungukwa na watu thelathini kabla vumbi halijatulia. Watu tunao. Anayekosekana ni mmoja kati ya hao thelathini atakayepiga magoti. Wa kwanza atasema amelewa huyo. Wa pili atatafuta maji ya kumwagia usoni. Vijana watatoa simu warekodi. Kisha mzee anayeheshimika mtaani atatoa lile onyo tulilolelewa nalo: "Msimguse, mtaitwa mashahidi."

Onyo hilo ndilo nataka tulivunje. Najua lilikotoka. Limetoka kwa watu waliombeba majeruhi hadi hospitalini wakaulizwa nani atalipa, waliokwenda kituoni kuandikisha taarifa wakakalishwa kwenye benchi mpaka jioni, waliopigiwa kelele za "mwizi" kwa sababu walikutwa wameshika mkoba wa mtu aliyelala barabarani. Siwezi kusema hofu hiyo ni ya kijinga. Nasema imepigiwa hesabu vibaya: inapima hasara ya anayesaidia, halafu inasahau kabisa dakika zinazomkimbia anayekufa.

Na dakika zenyewe ni chache. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Kila dakika inayopita bila mtu kumbonyeza kifua inapunguza uwezekano wake wa kupona kwa asilimia saba hadi kumi. Sasa ilete hesabu hiyo kwenye barabara ya Ngong saa kumi na mbili jioni, magari yakiwa yamefungana kutoka Karen hadi huku kwetu. Ambulensi iwe imeshawashwa injini, dereva awe amekaa, njia iwe anaijua kama kiganja chake. Bado dakika nne zitakwisha ingali Karen. Hospitali ya Ngong si mbali, kilomita chache tu, lakini mtu asiyepumua anayebebwa kwa probox bila kubonyezwa kifua anafika kama maiti. Daktari wa dakika tano za kwanza ni yule aliyesimama karibu. Ni wewe, na viatu vyako vya vumbi, na mfuko wako wa sukumawiki.

Tuiingilie basi hofu kubwa kuliko zote, ya kushtakiwa.

Kenya haina sheria inayojitegemea ya kumkinga msamaria mwema. Hilo ni pengo, na nitalirudia. Lakini kukosa mwavuli hakumaanishi kwamba mvua inanyesha. Sheria ya Uamuzi, Sura ya 8, ilituletea kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na kanuni hizo hazimlazimishi mpita njia kumwokoa mtu asiyemjua. Unaweza kupita na sheria isikuulize kitu. Ukiamua kusimama na kumsaidia, sheria inadai kwako uangalifu wa mtu wa kawaida aliye katika hali yako; haikudai ujuzi wa daktari bingwa wa moyo. Anayetaka kukushtaki lazima athibitishe kwamba ulifanya kwa uzembe, kisha athibitishe kwamba uzembe wako ndio uliomletea madhara ambayo vinginevyo yasingempata.

Madhara gani, kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama? Wengi hujibu: mbavu. Ni kweli, mbavu huvunjika, na huvunjika hata chini ya mikono ya wauguzi waliosomea kazi hii. Utausikia mlio na utaogopa. Endelea. Ubavu hupona kwa wiki kadhaa. Ubongo uliokosa hewa haurudi. Hakuna unaloweza kulifanya kwa mikono miwili litakalomweka mtu aliyekufa pabaya kuliko pale alipo.

Kanuni ya Adhabu nayo, Sura ya 63, inamtaka anayejitwika kumtibu mwenzake awe na ustadi na uangalifu wa kadiri, lakini kifungu hicho hicho kinaiweka kando hali ya dharura. Waliokiandika walijua kwamba kuna wakati mtu hana nafasi ya kutafuta mtaalamu. Na kuhusu idhini, jambo linalowasumbua wengi: aliyezimia hawezi kukupa ruhusa, kwa hiyo inachukuliwa kwamba angependa kuishi. Aliye macho mwulize. Akikataa, usimlazimishe; kaa karibu na upige simu. Mtoto ambaye mzazi wake haonekani, anza.

Mipaka ipo, na inakulinda wewe kama inavyomlinda yeye. Usichojua usikifanye. Usimnyweshe maji wala soda mtu aliyezimia, usimpe dawa iliyotoka kwenye mkoba wa mtu, usimvute shingo, usimkate popote. Ukishaanza kubonyeza, usiache kwa kuchoshwa na maneno ya watu; unaacha akianza kupumua, akija aliyefunzwa kuliko wewe, ukiishiwa nguvu kabisa, au mahali pakiwa hatari. Kama ameanguka kwa kushikwa na stima, zima umeme kwanza, la sivyo tutawazika wawili. Hayo ndiyo mafunzo ya huduma ya kwanza, na ndiyo pia utetezi wako mbele ya hakimu yeyote.

Polisi je? Kuandikisha taarifa si kushtakiwa. Ukiitwa, eleza ulichokiona na ulichokifanya, omba nambari ya OB, uende zako. Ikitokea ukakamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja, ya kunyamaza, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Kuhusu simu na pochi za mgonjwa, mkabidhi mtu mmoja anayejulikana, mbele ya macho ya watu, na useme kwa sauti ni vitu gani. Mtaani kwetu kelele ya "mwizi" inaua haraka kuliko ugonjwa, kwa hiyo uwazi wako uwe wa kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

Tena, wewe unayerekodi: tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data. Uso wa mtu anayekata roho si mali yako ya kurusha mtandaoni. Kama lazima simu iwe mkononi, ipigie ambulensi.

Halafu kuna bili. Watu wengi wamemwacha mtu chini kwa hofu ya mweka hazina wa hospitali kuliko hofu ya hakimu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura ikikataa kuitoa, imetenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni tatu. Sheria hiyo haisemi kwamba aliyemleta mgonjwa ndiye atakayelipa. Sitajifanya kwamba karatasi hizi zinatembea zenyewe hadi kwenye dirisha la mapokezi. Mwezi wa Oktoba 2015, Katiba hii ikiwa na miaka mitano, mtu aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya ambulensi kwa saa 18 jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafariki. Ndiyo maana msaidizi anapaswa kujua vifungu hivi kwa nambari. Ukisema "naomba mnisaidie" unajibiwa kwa namna moja. Ukitaja Kifungu cha 43 na Sheria ya Afya, unajibiwa kwa namna nyingine kabisa.

Hofu ya kusaidia haikuzaliwa hapa kwetu Kajiado. Mwaka wa 2006, mjini Nanjing, Uchina, kijana mmoja alimwinua bibi kizee aliyeanguka kwenye kituo cha basi, akampeleka hospitali. Bibi akamshtaki kwamba ndiye aliyemwangusha. Mwaka uliofuata mahakama ikamwamuru kijana alipe sehemu ya gharama, na moja ya hoja za hakimu ilikuwa kwamba kama hakumgonga, kwa nini alijisumbua kumsaidia? Nchi nzima ikaisikia hukumu hiyo. Miaka kadhaa baadaye ikaripotiwa kwamba kijana alikuwa amekiri kwamba kweli waligongana, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Uvumi ulikuwa umeshafunga mikono ya mamilioni. Mwaka wa 2011, mjini Foshan, mtoto wa miaka miwili aligongwa na magari mawili, na kamera ikawanasa watu 18 wakimpita pale chini kabla mwokota taka mmoja, mwanamke, hajamwinua. Ndipo Uchina ikaandika, mwaka wa 2017, kwamba anayejitolea kusaidia katika dharura hatawajibishwa kwa madhara yanayotokea. Leo hicho ni kifungu cha 184 cha sheria yao ya kiraia.

India nako, watu walikuwa wakiwaacha majeruhi barabarani kwa kuwaogopa polisi. Mahakama ya Juu ikaupa nguvu mwongozo wa kuwalinda wasaidizi mwaka wa 2016, na mwaka wa 2019 bunge likaingiza kinga hiyo ndani ya sheria ya magari: msaidizi hawajibiki kwa kesi ya madai wala ya jinai, wala halazimishwi kutaja jina lake. Kama Delhi wameweza, Nairobi wanashindwa na nini? Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Mbunge wa Kajiado Kaskazini akija kuomba kura, kati ya habari za lami na za maji mwulizeni kuhusu sheria ya msamaria mwema. Mwulizeni kwa sauti, mbele ya kipaza sauti chake mwenyewe.

Ila usingoje bunge. Moyo hausomi gazeti rasmi la serikali.

Hofu ya magonjwa naipita haraka kwa sababu jibu lake ni fupi. Mtu mzima aliyeanguka ghafla, mbonyeze kifua tu. Si lazima mdomo wako uguse wake. Hakuna aliyethibitishwa kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa kumpulizia mtu pumzi. Kama kuna damu, valisha mikono mfuko wa plastiki, na damu ikikuingia kwenye kidonda, nenda kituo cha afya cha serikali kabla ya saa 72 ukapewe dawa za kinga.

Hofu ya kumgusa mwanamke ni nzito zaidi, na wanaume huizungumza kwa kunong'ona. Wamarekani walipochunguza matukio ya hadharani waligundua, mwaka wa 2017, kwamba wanaume walioanguka walibonyezwa kifua na wapita njia asilimia 45, wanawake asilimia 39. Hiyo ni Marekani. Hapa kwetu, penye msikiti na makanisa, penye mume anayeweza kutokea ghafla na kuuliza unamfanyia nini mke wangu, nadhani pengo linaweza kuwa pana zaidi. Mama anakufa kwa sababu ya heshima yetu kwake! Dini zetu zote mbili zimeliona jambo hili kabla yetu: masheikh hufundisha kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kila mtoto wa shule ya Jumapili anamjua yule Msamaria aliyesimama pale walipopita kuhani na Mlawi. Basi fanyeni hivi. Akina mama wavue leso zao, wazishike kuzunguka, wamsitiri mwenzao. Kama kuna mwanamke mwenye nguvu za kubonyeza, na aanze yeye. Mama anayebeba mtungi wa lita ishirini kila asubuhi ana mikono ya kazi hii. Hayupo? Anza wewe mwanamume, hapo hapo, ukisema kwa sauti unachokifanya.

Iko hofu nyingine isiyo ya kisheria, nayo naiheshimu kuliko zote: itakuwaje nikijaribu akafa? Jibu la kweli ni kwamba huenda akafa. Hata Marekani, penye ambulensi za kutosha na mashine za kushtua moyo ukutani, wanaosimama moyo nje ya hospitali hupona takriban mmoja kati ya kumi. Atakayejaribu Embulbul ajue hivyo kabla ya kupiga magoti. Ukishindwa, hukumuua wewe. Ulimkuta amekwisha kufa, ukambishia mlango. Usiku utakosa usingizi, utasikia ule mlio wa ubavu. Zungumza na mtu, imamu, mchungaji, dada yako, usiumeze peke yako. Na familia ya marehemu, nawaomba, mkimpata aliyejaribu, mpeni mkono. Msimwulize kwa nini hakufanya zaidi.

Lakini yule mmoja kati ya kumi yupo. Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekimbilia Uingereza utotoni na familia yake, alianguka katikati ya uwanja wa White Hart Lane akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Miongoni mwa mashabiki alikuwepo daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kutazama mpira siku yake ya mapumziko. Hakuwa kazini wala hakuitwa na mtu. Akashuka jukwaani, akawaomba walinzi wampishe, akaingia uwanjani. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Mashine ilimshtua mara nyingi, ndiyo, lakini katikati ya mishtuko hiyo, uwanjani, ndani ya ambulensi na hospitalini, kulikuwa na mikono inayobonyeza bila kukoma. Mikono ndiyo iliyousukumia ubongo wake damu. Muamba yu hai hadi leo.

Waswahili walishasema mgeni njoo mwenyeji apone. Stejini kwetu wageni hushuka kila dakika, na yeyote kati yao anaweza kuwa Deaner wetu.

Kazi yenyewe inajifunzika alasiri moja. Mtikise mabega, mwite kwa nguvu. Haitiki? Tazama kifua chake kwa sekunde zisizozidi kumi. Hapumui, au anakoroma na kutweta mara moja moja (huko si kupumua, na hapa ndipo wengi hudanganyika), basi moyo umesimama. Mwelekeze mtu mmoja kwa kidole: "Wewe mwenye koti jekundu, piga simu!" Ukisema "jamani mtu apige," hakuna atakayepiga. Mlaze chali chini pagumu. Kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, ubonyeze kwa uzito wa mwili mzima: kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiachia kifua kiinuke tena kila mara. Hesabu kwa sauti. Utachoka upesi, kwa hiyo kila dakika mbili mbadilishane. Mtoto, au mtu aliyetolewa majini, anahitaji na pumzi pia, mbili baada ya kila mibonyezo thelathini, ndiyo sababu inafaa kufunzwa kwa mwanasesere badala ya kusoma tu. Aliyegongwa na gari akiwa anavuja damu, kazi ya kwanza ni kukandamiza kidonda kwa kitambaa.

Huyo mwanasesere ana kisa chake. Njia hii ya kubonyeza kifua ilitangazwa na madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, mwaka wa 1960, na mwaka huo huo mtengenezaji wa vinyago vya watoto kutoka Norway, Asmund Laerdal, akatengeneza mdoli wa kujifunzia. Uso aliompa aliuiga kutoka kwenye kinyago cha msichana ambaye, kwa masimulizi ya Paris, alitolewa kwenye mto Seine karne ya 19, na hakuna aliyewahi kumtambua. Dunia nzima imejifunza kuokoa watu juu ya uso wa mtu asiyejulikana. Laerdal hakuona tatizo lolote hapo.

Na usiniambie kazi hii ni ya wazungu. Mwaka wa 2016, wilayani Iganga, mashariki mwa Uganda, waendesha bodaboda zaidi ya mia moja walifunzwa huduma ya kwanza kwa sababu ndio wanaofika kwanza penye ajali. Kijana wa bodaboda wa Embulbul ana nini pungufu kuliko wa Iganga? Anazijua njia zote za kwenda Ngong, Vet na Kerarapon, anafika kabla ya kila mtu, na tayari amejipanga katika chama chenye mwenyekiti, mweka hazina na akiba. Chama hicho hicho kinachochanga kwa mazishi kinaweza kuchanga mara moja kwa mafunzo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hufundisha, St John Ambulance hufundisha. Akina mama wa merry-go-round, walimu wa shule, makanga, mabawabu wa majumba ya Karen wanaoshuka hapa kila jioni: wote mnahusika, na wa Kitengela na Kajiado mjini vilevile, ambao barabara ya Namanga haiwaonei huruma.

Kwa hiyo wiki hii mwulize mwenyekiti wa steji yako swali moja: mafunzo ni Jumamosi ipi? Akikosa jibu, ipange wewe, uje na watu kumi. Na kabla hujaiweka simu chini, andika nambari hizi uzipe jina utakalolipata hata mikono ikitetemeka: 999, 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.